Mailo, Alisema Mutale

Mutale alikuja kunipa pole siku ya kumi na tisa ya eda yangu. Nilikuwa nimekaa mkekani, chumba cha uani, nimevaa nyeupe, wifi yangu Mwajuma ananimenyea chungwa kana kwamba na mikono yangu nayo imefiwa. Tukasikia hodi mlangoni na makofi yanayopigwa taratibu, nikajua ni watu wa ng'ambo, watu wa Nakonde, upande wa Zambia. Wakaingia wanawake watatu. Wawili nawajua, wateja wetu wa mchele wa miaka mingi. Wa tatu alikuwa mama mnene, ana miwani, mguu mmoja anauburuta kidogo. Sikuwa nimemtia machoni kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, lakini nilimtambua kabla hajavua viatu. Moyo ukanilipuka paa! Nikajisemea, Rukia, leo ndiyo leo.

Watu waliokuja kumlilia mume wangu walisema mazuri matupu. Idrisa alikuwa mtu wa watu, Idrisa hakuwa na makuu, Idrisa na mkewe hata siku moja hatukuwasikia wakigombana. Nilikuwa naitikia, ndiyo, alhamdulillahi, na huku ndani nasutwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba ndoa yangu ilisimama juu ya neno moja, na kwamba neno hilo nililitia mimi katika sikio la yule marehemu, dukani, pembeni ya mizani, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nimelificha maisha yangu yote ya utu uzima. Eda ni kukaa, na ukikaa muda mrefu hivyo, ulichokuwa unakikimbia kinakuja kukaa na wewe.

Mwaka ule nilikuwa sijaitwa Rukia. Nilikuwa Namwinga tu, binti wa Kinamwanga, nimepata kazi kwenye duka la mchele wa Kyela na maharage, hatua chache kutoka geti la mpakani. Mtu wa mbali akija Tunduma anaona malori tu, foleni haina mwisho. Sisi tunaoishi hapa tunaona masikio. Ukivuka geti saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, hesabu ya nyakati nyingine, lugha ya biashara ni Kibemba, na mwenye duka asiye na mtu wa kumsikilizia Kibemba atakaa anapiga miayo mteja akienda kwa jirani. Tajiri wetu alikuwa mzee wa Tabora. Hakuniajiri kwa nguvu wala kwa vyeti, aliniajiri kwa ulimi. Nilikuwa napima, nafunga, natafsiri. Idrisa ndiye aliyekuwa muuzaji. Kijana wa Kondoa, mrefu, mpole mpaka anaudhi, ana miezi minne tu mpakani na Kibemba chake hakizidi salamu. Kila alichotaka kumwambia mteja wa Zambia kilipita kwanza mdomoni mwangu, na kila alichojibiwa kilipita hapo hapo kurudi. Ukiwa mdomo wa mtu kila siku, jamani, unaanza kudhani na moyo wake ni mali yako.

Nilimpenda. Sina haja ya kuzunguka. Nilimpenda namna alivyokunja mikono ya shati mara mbili tu, kamwe si tatu, namna alivyouliza "Umekula?" kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Yeye alinipenda kama anavyopendwa dada wa kazini. Tulipanga nyumba moja kule Majengo, kwa Mama Kayange, mjane wa Kindali kutoka Ileje, mwanamke wa Bwana aliyeimba kwaya na kutukana kwa sauti ile ile. Vyumba vyake havikuwa na dari. Ukuta uliishia usawa wa kenchi, juu yake bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tano anamwambia pole. Jioni tulikula wote jikoni kwake kwa sababu ya baridi, ugali na maharage yaliyoungwa karanga, tumeuzunguka moto hadi magoti yanaiva.

Huko jikoni ndiko nilikosikia mambo. Mama Kayange alikuwa na kamusi yake ya majibu ya wanawake, na Idrisa, bila kujua anajianika, alimuuliza maswali mengi. "Mwanamke akikwambia tutaona, ameshaona," Mama Kayange alisema, anasonga. "Akikwambia nitamuuliza mama, hakutaki, mama amesingiziwa. Akisema niache, mwache. Akisema niache bwana, kaa siku tatu, halafu pita umsalimie." Idrisa alicheka, akasema kwao binti akiulizwa kama anamkubali mtu hajibu kwa mdomo, ananyamaza, na kunyamaza ndiyo kukubali kwenyewe. "Eh! Huku kwetu akinyamaza ana njaa," Mama Kayange akamjibu. Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi ya wote, kwa sababu nilikuwa nimemnyamazia yule kaka tangu mwezi wa tatu na hakuwa amenisoma hata herufi moja.

Aliyekuwa anamuulizia ni Mutale. Mutale alikuwa na meza sokoni Nakonde, akawa anavuka mara mbili kwa wiki kuchukua mchele. Mfupi, mweusi wa kung'aa, sauti ya kukwaruza kidogo, na kicheko kinachomtangulia mlangoni. Siku moja alituletea chikanda, amekikata vipande kwenye sahani ya bati. Idrisa akakitazama, kimekaza, chekundu-chekundu, akaninong'oneza, "Namwinga, hii si nyama ya nguruwe kweli?" Nikamtafsiria Mutale. Alicheka hadi akakaa chini kwenye gunia. Ni mizizi, akasema, mizizi ya porini na karanga, tena inachimbwa huko huko kwenu milimani, nyinyi mnatuuzia bila kujua utamu wake. Idrisa akala kipande, akala cha pili, akala hadi akaramba vidole, na mimi nilisimama katikati yao nikibeba maneno, huku, kule, huku, kule. Kuna muda walicheka kabla sijamaliza kutafsiri. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu.

Sasa nikueleze neno lenyewe. Kwa Kibemba, mailo ni jana. Na mailo ni kesho. Usicheke, ndivyo lugha yao ilivyo, siku moja kushoto na siku moja kulia zina jina moja. Kitenzi ndicho kinachokuambia kama siku imekwenda au inakuja. Ukilisema peke yake, bila kitenzi, linaning'inia, na msikilizaji atajaza mwenyewe kwa uso wa msemaji na kwa kilichotangulia. Sisi tuliozaliwa hapa hatupotei. Idrisa alikuwa halijui kabisa.

Nilijua inakuja. Usiku wa kuamkia Jumanne ile sikulala mapema kwa sababu chumba cha pili mtu alikuwa anafanya mazoezi. "Mutale, naomba siku moja... hapana. Dada Mutale, samahani." Anatulia. "Mutale, tukanywe chai." Nililala chali natazama bati, blanketi nimeliuma kwa meno, nikamsikia akilirudia hilo la chai mara nane au tisa. Asubuhi alikuja dukani amenyoa ndevu.

Ulikuwa mwezi wa saba, baridi kali, upepo unaleta vumbi la malori hadi ndani ya mchele. Mutale alifika adhuhuri. Nikampimia, nikafunga, na wakati anakaza kitenge kiunoni ili ajitwike, Idrisa akasema, "Namwinga, nifikishie kwake neno moja." Nikasema sema. Akasema, akiniangalia mimi na si yeye, maana aliona haya, "Mwambie ningependa tukanywe chai. Mimi na yeye. Pale hotelini karibu na geti. Tukae tu tuongee. Mwambie kama hataki hakuna ubaya." Nikamwambia Mutale. Wallahi hapo nilitafsiri sawasawa, hata lile la hakuna ubaya. Mutale akamtazama Idrisa kwa muda, macho yamecheka kabla ya mdomo. Nikamsaidia kujitwika. Akageuka kwenda, na alipofika kizingitini akasema bila kugeuza shingo, kwa kuwa ana mzigo kichwani, "Mailo." Akaondoka.

"Amesemaje?" Idrisa akaniuliza.

Najua utaniuliza, Namwinga, ulielewa nini? Ningetaka kujitetea ningeweza. Jumatatu, yaani jana yake, dereva mmoja wa lori wa kutoka Kitwe alikuwa amempelekea Mutale viatu, habari hiyo alinipa mwenyewe huku akimcheka yule dereva. Kwa hiyo mtu angeweza kusema: mailo yake ilikuwa jana, maana yake ungeniuliza jana, leo nimeshawahiwa. Ingewezekana. Miaka mingi nimelishika hilo la ingewezekana kwa mikono miwili. Lakini nilikuwa nimemwona macho. Mwanamke anayekukatalia hakukazii kitenge kwa utaratibu ule, na hasemi neno moja kwa sauti ya kuliachia mtu alibebe. Nilijua ni kesho kama ninavyojua jina langu.

"Amesema jana," nikamwambia.

"Jana? Jana nini?"

"Jana, Idrisa. Umechelewa. Kuna mtu amekuwahi."

Neno lilikuwa moja, nami nikamtafsiria sentensi tatu. Akasema, "Haya. Hakuna ubaya." Akachukua ufagio akaanza kufagia mchele uliomwagika, chembe kwa chembe, mahali ambapo nilikuwa nimeshafagia.

Hayo ningeweza kuyaita ya kuponyoka. Ulimi hauna mfupa. Lakini Mungu alinipa siku nzima ya kurekebisha, na nikaikataa. Jumatano mchana tajiri alinipa hotipoti nikalete wali pale hotelini karibu na geti. Nikafika mlangoni, pazia la shanga, nikaliinua. Mutale alikuwa amekaa meza ya pembeni. Kitenge kipya, kichwani amesuka asubuhi ile, utosi unang'aa mafuta. Mbele yake vikombe viwili vya chai, kimoja kimefunikwa kwa kisosi kisipoe. Alikuwa anatazama dirisha la upande wa duka letu. Nilisimama na shanga mkononi, sijui kwa muda gani, harufu ya pilau imenijaa puani. Ningeingia hatua nne tu. Ningerudi dukani nikasema, Idrisa, nimekosea, neno lile lina pande mbili, kimbia. Nikaziachia shanga polepole zisilie, nikaenda kununua wali kwingine. "Mbona umekawia?" Idrisa akaniuliza. Nikasema foleni.

Mutale hakuvuka tena kuja kwetu. Mchele akawa anauchukua duka la mbele. Akikutana nami barabarani alinisalimia vizuri tu, Mulishani mukwai, na mimi naitikia, bwino. Idrisa alimwona mara moja mbali, akashusha macho kwa adabu, maana si vizuri kumkodolea mchumba wa mtu. Mwaka ukaendelea. Mvua zikaanza, matope yakajaa, tukaacha kula jikoni kwa sababu bati lilivuja pale pale juu ya chungu. Mwezi wa kumi na mbili, tukifunga duka, Idrisa akaniambia, "Namwinga, nimekaa nimefikiri. Wewe ndiye mtu ninayezungumza naye kila siku. Ungekubali nipeleke barua kwenu?" Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nataka kumwambia. Nilikuwa nimeshalipanga, Idrisa kwanza nina jambo, na jambo lenyewe likakataa kutoka, nikabaki nimesimama na kufuli mkononi, machozi yananitoka. Akatabasamu. Akasema, "Basi. Kwetu kunyamaza ndiyo jibu." Hivyo ndivyo nilivyoolewa, nikasilimu, nikaitwa Rukia. Nami nilitafsiriwa jibu nisilolisema.

Watu husema dhambi ikizeeka inalainika. Uongo. Mimi nimeishi katika mji unaotaja dhambi yangu kila siku. Mailo, mailo, getini, sokoni, stendi, simuni. Wateja wanakuja mailo, walikuja mailo. Na Idrisa alijifunza Kibemba. Tulipofungua duka letu wenyewe hakunihitaji tena nimsemee, alizungumza hadi Wazambia wakamuuliza kwao ni Kasama au Mpika. Nikawa nangoja. Kila mteja akilitaja neno lile namwangalia usoni. Najua siku lilipomwingia: mama mmoja alisema mzigo wake ataufuata mailo, Idrisa akaandika, akaacha kuandika, akaninyanyulia macho juu ya mizani. Kisha akaniuliza, "Mtoto amekula?" Nikasema amekula. Hatukuzungumza lingine, siku hiyo wala mwaka huo wala miaka yote iliyofuata. Nililala pembeni ya mtu yule nisijue kama anajua. Alipougua, nilimuuguza nikimchunguza. Hata pumzi za mwisho nilikuwa nazisikiliza kama zitakuja na swali.

Kwa hiyo Mutale alipokaa mkekani mwangu, nilitaka wenzake waondoke na niliogopa waondoke. Wakasali sala yao, wakasema pole, Mwajuma akawachukua kwenda kunawa ili wale. Mutale akasema yeye atapumzisha mguu. Tukabaki wawili. Kiswahili chake siku hizi ni kizuri kuliko cha wanangu.

"Namwinga," akaniita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita. "Bashi Saidi alikuja kwangu."

Bashi Saidi ni baba Saidi. Nikamuuliza, "Alikuja lini?"

"Zamani. Saidi wenu alikuwa bado wa kubebwa. Alikuja sokoni, akasimama mbele ya meza yangu, akaniuliza kwa Kibemba kilichonyooka: siku ile ulisema mailo, ulimaanisha ipi? Nikauliza kwa nini unaniuliza sasa. Akasema kwa sababu nimelijua neno sasa, na nimeshindwa kulala ndani ya nyumba yangu."

Sikuweza kumwangalia. Nilitazama maganda ya chungwa kwenye sahani. "Na ulikuwa unamaanisha ipi?" nikamuuliza, kana kwamba sijui.

"Awe, hapana, Namwinga! Nilikaa pale na chai mbili mpaka geti likakaribia kufungwa. Unaniuliza wewe? Nilikuona mlangoni. Niliona miguu yako chini ya zile shanga, nikadhani umekuja kuniita. Halafu miguu ikaondoka." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Nilikuchukia. Siku ile alipokuja, nilikuwa nimengoja miaka mitatu mtu aniulize swali lile. Nilikuwa nimelipanga jibu. Lakini alikuwa na shati jeupe, na hapa begani maziwa yamekaukia, mtoto alikuwa amemcheulia na hakuwa anajua. Nikamwambia jana. Nikamwambia nilikuwa nimeshaposwa na dereva, mke wako alikutafsiria sawa."

"Akasemaje?"

"Alishukuru. Alinishika mkono huu kwa mikono miwili. Akasema, basi nimemdhania mke wangu vibaya muda wote huu. Akaenda zake karibu anakimbia."

Mwajuma akaingia na chai, tukanyamaza. Mutale alikunywa yake yote, akaomba aamkie wanangu, akaagana nami. Mwenye eda hasindikizi mgeni, nikaishia pale pale mkekani, nikamsikia akivaa viatu nje kwa taabu.

Nimeikumbuka siku hiyo Idrisa aliporudi kutoka Nakonde. Alikuja mapema, jua bado, akanikuta nachambua mchele uani, akapiga magoti mbele ya ungo, mtu mzima yule, akasema, "Namwinga, nisamehe." Nikamuuliza nikusamehe nini? Akasema, "Wewe nisamehe tu, usiniulize." Nikadhani ana mwanamke ng'ambo. Nilimnunia wiki nzima, chakula namwekea bila neno, na yeye akakivumilia kama mtu anayestahili. Siku ya nane nilimwonea huruma. Nikamwambia nimekusamehe.